Kwa nini kitambaa hakitoi chumvi kwenye maji

Ndugu, umeuliza mbona maji ya chumvi ukiyachuja kwa kitambaa bado yana chumvi. Ni kwa sababu chumvi ikishayeyuka haibaki punje tena. Ni ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za sodiamu na kloridi, na kila moja imezungukwa na molekuli za maji: upande wa oksijeni huielekea sodiamu, wa hidrojeni huielekea kloridi. Ni ndogo mno, tundu la kitambaa kwao ni geti lililo wazi. Ila chumvi haiyeyuki bila kikomo. Gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 za chumvi, inayozidi hutuama chini.

Ukitaka chumvi safi kutoka chumvi ya mawe yenye mchanga, iyeyushe kwanza, chuja (hapo ndipo kitambaa kinafaa, mchanga hauyeyuki), kisha chemsha maji yaishe. Mashamba ya chumvi ya pwani hutumia jua badala ya kuni, na hapo kuna ujuzi ninaoupenda sana. Maji ya bahari yakikauka, jasi (madini ya kalisi) hutangulia kuganda, chumvi hufuata, na magnesiamu hubaki kwenye maji ya mwisho. Wakiacha yote yakauke pamoja, chumvi huwa chungu na hunyonya unyevu. Kwa hiyo maji hayo ya mwisho humwagwa.

Ukitaka maji safi, fanya kinyume: kamata mvuke, upooze. Matone chini ya kifuniko cha sufuria hayana chumvi, yaonje.