Fundi wa Nchi Kavu Ndani ya Meli Kongwe: Aanzie Wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme, nimefanya kazi miaka sita katika kiwanda cha saruji hapa Tanga. Wiki ijayo nitapanda kwa mara ya kwanza meli ya kuchota mchanga baharini, iliyojengwa mwaka 1984, ili nitathmini mitambo yake kabla mnunuzi hajatoa uamuzi. Msimamizi wangu anataka orodha kamili jioni ya siku hiyo hiyo. Je, nianzie wapi, na umeme wa melini unatofautianaje na wa kiwandani?

Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo la orodha, kwa kuwa ndilo lililonitia wasiwasi. Mitambo ya meli yenye umri wa zaidi ya miaka arobaini haitathminiwi kwa siku moja, na fundi anayeahidi hivyo huishia kunakili vibao vya majina. Siku ya kwanza itumie kuzunguka na injinia mkuu, au fundi aliyeihudumia meli hiyo kwa muda mrefu, mkiwa na michoro mkononi, na kila mnapofika umwulize ni kitu gani kimebadilishwa, lini na kwa nini. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilitolewa mitambo ya mvuke na kutiwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Anayeifuata kwa mchoro wa awali atatafuta boila ambazo hazimo. Meli yako nayo haitakosa mabadiliko, na mengine huenda hayakuandikwa popote, kama vile pampu iliyofungwa mota ya ukubwa mwingine au kebo iliyopitishwa njia isiyo yake.

Kuhusu umeme, tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. Kiwandani umezoea nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyounganishwa na ardhi, kwa hiyo fezi (waya wenye umeme) ikigusa chuma breka hukata. Melini, mifumo mingi ya volti 440 haina nyutro iliyofungwa kwenye bodi ya meli, kwa makusudi, ili hitilafu moja isizime usukani au pampu muhimu katikati ya bahari. Maana yake ni kwamba fezi inaweza kugusa chuma na mtambo ukaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka fezi ya pili iguse mahali pengine, na hapo ndipo panapozuka mkondo mkubwa na pengine moto. Kwa hiyo, ukifika kwenye swichibodi kuu, tafuta taa tatu za kuonyesha hitilafu ya ardhi: zote zikiwaka sawasawa ni dalili njema, lakini moja ikififia na nyingine mbili zikizidi kung'aa, fezi ya ile iliyofifia imegusa chuma. Katika meli moja niliyoikagua niliikuta taa ya namna hiyo, nikaambiwa kwamba iko hivyo tangu mwaka uliopita. Jibu hilo lilinieleza habari nyingi zaidi za matengenezo ya meli ile kuliko daftari zima la kumbukumbu.

Mega yako, yaani kifaa cha kupima ukinzani wa vihami vya nyaya, itasubiri siku ya pili, baada ya mtambo kuzimwa, kufungwa kufuli na kutenganishwa na vifaa vya elektroniki, ambavyo volti 500 za kipimo zinaweza kuviharibu. Usomaji ulio chini ya megaomu moja ni wa kutilia shaka, ingawa mota iliyokaa bila kazi katika hewa ya chumvi huweza kusoma chini kwa unyevu tu. Uliza kama hita yake ya ndani ilikuwa ikiwashwa.

Sasa nikusihi jambo moja. Usiingie kwenye tangi wala chumba chochote kilichofungwa, hata kwa dakika moja, hata ukiitwa na mkubwa, mpaka hewa yake ipimwe na kibali kiandikwe. Kutu hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9, na ndani ya tangi lenye kutu inaweza kushuka hadi ukaanguka bila kuhisi lolote. Gesi yenye harufu ya mayai viza nayo hufisha pua kabla haijaua, hivyo harufu ikipotea usidhani imekwisha. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, piga kengele ya hatari wala usimfuate, kwa sababu mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyekimbilia kumwokoa wa kwanza. Vilevile, usikwangue vifuniko vya kuzuia joto vya mabomba wala gasketi kuukuu, kwani huenda vina asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu: ilipigwa marufuku kabisa katika ufungaji mpya melini kuanzia tarehe 1 Januari 2011, na meli yako ni ya zamani kuliko hapo.

Jioni mpe msimamizi wako ukurasa mmoja wenye tofauti ulizoziona kati ya michoro na meli, hali ya zile taa tatu, na vyumba ambavyo hukuingia pamoja na sababu zake, kisha umweleze ni siku ngapi zaidi unazihitaji ili upime.