Nimempima binti yangu vidole na rula

SWALI: Shikamoo shangazi. Nakaa Mbagala, binti yangu ana miaka 15 yuko form two, na Zuchu kwake ndo kila kitu, ukuta mzima picha zake, bando likiisha analia, na juzi kagoma kula usiku kisa watu wamemsema vibaya Zuchu mtandaoni. Sasa jirani kanionyesha kwenye simu eti wataalamu wanapima vidole wanajua kijana gani atazama kwenye mastaa. Nikampima, cha shahada sm 7.0, cha pete 7.2. Ndo kazaliwa hivyo?

JIBU: Marahaba mama. Hapana, na hiyo rula mrudishie mtoto akasomee.

Kipimo chenyewe kipo, unaanzia mkunjo wa chini upande wa kiganja mpaka nchani, unagawanya cha shahada kwa cha pete, kwa binti yako inakuja kama 0.97. Kilipata umaarufu baada ya John Manning na wenzake kule Uingereza kuandika mwaka 1998, wazo lao ni kwamba homoni anazokutana nazo mtoto tumboni zinagusa urefu wa vidole, ndo maana wanaume kwa wastani cha pete kinazidi kidogo. Lakini hiyo tofauti ya wanaume na wanawake ni ndogo mno yani, ukikosea milimita moja tu kwenye cha shahada hiyo 0.97 inakuwa 0.99, sasa utamhukumu mtoto kwa milimita?

Kumpenda staa umri huo ni kawaida kabisa, enzi za Team Kiba na Team Diamond hata watu wazima na familia zao walinuniana. Wanaosoma mambo haya, kina Lynn McCutcheon wa Marekani, wanapanga ngazi tatu: ya kwanza burudani na stori na marafiki, ya pili anaona yeye na staa ni kitu kimoja na maumivu ya staa ni yake, ya tatu yuko tayari hata kuvunja sheria kwa ajili yake. Wengi wanaishia ya kwanza. Kilichonigusa mimi kwenye barua yako ni kile chakula, sio vidole.

Picha usizichane mama, nakuomba. Kaa naye mfungulie hata nyimbo mbili, muulize anampendea nini, afu nyamaza umsikilize, huenda kuna kitu shuleni kinamuumiza ndo anakimbilia huko. Akirudia kugoma kula, au akiacha marafiki na masomo, nenda kaonane na mwalimu wa malezi na ushauri shuleni kwao, mapema, usisubiri mtihani wa form two.