Flashi haionekani: Linux kwenye laptopu ya RAM ya GB 2

SWALI: Shikamoo mama. Nina laptopu ndogo ya inchi 11, RAM GB 2, diski GB 32, prosesa Atom Z3735F. Windows imejaza diski hadi masasisho hayana pa kuingia, na nikifungua kurasa tatu za intaneti inaganda. Rafiki alinipa flashi yenye Linux, mfumo endeshi wa kutumia badala ya Windows. Nikiwasha na kufungua orodha ya kuchagua pa kuanzia, flashi haimo. Kwenye laptopu yake flashi hiyohiyo inafanya kazi. Je, yangu imeharibika? Na kazi zangu za chuo za Word zitafunguka?
Mwanafunzi wa ualimu

JIBU: Marahaba mwanangu. Laptopu yako ni nzima, na flashi haina kosa. Mimi mwenyewe nilihangaika wiki nzima na mashine ya aina hii, nabadilisha flashi moja baada ya nyingine, kabla sijaelewa. Prosesa yako ni ya biti 64, lakini UEFI, ile programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi wowote, iliwekwa ya biti 32. Hiyo hutafuta kwenye flashi faili liitwalo bootia32.efi. Flashi nyingi za Linux zina bootx64.efi tu, basi inazipita kama vile hazipo. Chomeka flashi ya rafiki yako kwenye kompyuta yoyote, fungua folda ya EFI, kisha BOOT, ujionee. Bila shaka faili hilo halimo.

Tumia Debian, aina mojawapo ya Linux, toleo la 12 lililotoka mwaka 2023 au la baada yake. Kuanzia hapo, kisakinishi chake cha kawaida cha biti 64 huwaka hata kwenye UEFI ya biti 32, na kinakuja na programu za kuendeshea vifaa vingi vya Wi-Fi, ambazo zamani ulilazimika kuzitafuta kando. Debian imejengwa na watu wa kujitolea tangu 1993. Kila nikiwasha laptopu yangu nawashukuru, maana mtu alikaa akashughulikia mashine ambayo wengi walishaihesabu kuwa takataka.

Kwanza hamisha mafaili yako yote kwenye flashi nyingine, na ufungue mawili matatu kutoka huko kuhakikisha yamefika salama. Halafu washa kisakinishi. Kitakuuliza lugha, kibodi, kisha mtandao. Hapo tulia, usibonyeze haraka. Ukiona jina la Wi-Fi yako kwenye orodha na ikaunganika, sehemu inayosumbua zaidi kwenye laptopu hizi umeivuka. Kufikia hapo hakijaandika chochote kwenye diski, na Windows yako ipo vilevile. Kinaanza kuandika pale tu utakapokubali mgawanyo wa diski, kwa hiyo bado unaweza kuzima na kurudi ulikotoka. Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi kisakinishi huiona kama mtandao wa waya. Sauti hutaijaribu mapema hivyo, na kwenye prosesa za jamii hii ndiyo inayoweza kukusumbua baadaye.

Mwishoni utaulizwa unataka mandhari gani ya kazi. GNOME ndiyo huwa imewekewa alama. Iondoe, weka alama kwenye LXQt, mandhari iliyo nyepesi zaidi. GNOME ni nzuri, ila kwa GB 2 itakuelemea.

Sasa kuhusu kuganda. RAM yako itabaki GB 2, na kwenye laptopu hizi kwa kawaida imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki. LXQt itakuachia nafasi zaidi, lakini ukurasa mzito wa intaneti ni mzito popote. Kuna kitu kimoja kilichobadilisha kabisa maisha ya laptopu yangu. Fungua dirisha la amri, andika:

sudo apt install zram-tools

Kisha kwenye faili la /etc/default/zramswap weka PERCENT=50, uwashe upya. Kuanzia hapo, data isiyotumika kwa wakati huo hubanwa na kubaki ndani ya RAM badala ya kutupwa kwenye diski. Diski yako ni eMMC, yaani chipu ya kuhifadhia iliyo kwenye ubao, ni nzito kuandika na huchakaa kadiri inavyoandikwa, kwa hiyo unapata faida mara mbili. Mimi hufanya kazi na kurasa tano hivi bila kuganda. Kumi, hapana.

Kazi za Word zitafunguka kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Shida yake ni herufi: usipokuwa na Calibri, mistari inahama na ukurasa wa 12 unageuka 13. Sakinisha fonts-crosextra-carlito. Carlito ilichorwa kwa upana uleule wa Calibri, hivyo mistari inakatika palepale. Majedwali yakague kwa macho, na kwa mwalimu peleka PDF.

Ukikwama kwenye ile hatua ya mtandao usiendelee mbele. Zima, niandikie, na unitajie maneno yaliyotokea kwenye kioo kama yalivyo.