Swali la lugha: Kipepeo huyu au kipepeo hiki?

SWALI: Kwenye mlimau wangu hapa Muheza kuna mdudu wa kijani, mnene. Ukimgusa anachomoza vipembe viwili vyekundu na kutoa harufu kali. Jirani anamwita buu, mama mkwe anasema funza, mimi nasema kiwavi. Nani kapatia? Na kipepeo wake niseme "hiki" au "huyu"?

JIBU: Umepatia wewe, ingawa jirani naye hakukosea. Buu ni jina pana, linamhusu hata mtoto wa nzi au wa mende kifaru. Buu wa kipepeo au wa nondo ndiye kiwavi. Mtazame: ana miguu sita kifuani, na nyuma yake vijiguu vinene vya kung'ang'ania jani. Funza wa nzi hana hata mguu mmoja. Mama mkwe, kwa heshima zote, abaki na funza wake kwenye nyama iliyooza.

Kwa dalili hizo, huyo ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mweusi mwenye mabaka ya manjano, anayetaga kwenye michungwa na milimau. Alipokuwa mdogo pengine ulimpita ukidhani kinyesi cha ndege, ndivyo anavyojificha. Ukimwita kipepeo wa malimau utaeleweka. Wapo wanaotafsiri jina la ukoo wake kutoka Kiingereza, "mkia wa mbayuwayu". Silipendi, kwani huyu wetu hana mkia wowote.

Sasa upatanisho. Ki- ya mwanzo isikudanganye: mwenye uhai ni "kipepeo huyu ametua", "vipepeo hawa wametua". Ukiniambia "kipepeo hiki kimechakaa" sitakusahihisha, ila nitajua unasema cha kupepelea jiko la mkaa. Yote mawili yametoka kwenye kupepea. Nondo naye ni hivyohivyo: nondo huyu kaifuata taa, nondo hii ya milimita 12 imeingia kwenye zege.

Kiwavi wako akishiba atajifunga kwenye kijiti awe pupa, yaani mdudu aliyetulia ndani ya ganda akigeuka kipepeo. Ni katika hatua hiyo wakulima wa Gede, Kenya, huwauza vipepeo wao ng'ambo, kwa mradi ulioanza 1993. Hapo pia sema "pupa huyu". "Ana pupa" ni habari ya mtu mbele ya sinia la pilau.