Kitanda cha ubavuni: nenda dukani na futi

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Bamburi, mimba yake imeingia mwezi wa nane. Amenitumia picha za vitanda vya watoto, vile vya kuunganishwa na kitanda cha mama, na swali fupi: "Dada, kipi kizuri?" Vyote vizuri, mpenzi, na vyote vina lesi. Ila hakuna picha hata moja inayoonyesha pale kitanda kidogo kinapokutana na kikubwa, na mimi ndipo ninapopaangalia kabla sijauliza bei.

Niwaeleze nilivyofika huko. Kifungua mimba wangu alizaliwa katikati ya kaskazi, tukikaa ghorofani Mji wa Kale, Mombasa, joto la kutoka jasho mtu kakaa tu. Kitanda chetu ni cha zamani, cha urithi wa upande wa mume wangu, kile cha miguu mirefu ambacho mfupi hukipanda kwa kigoda. Mavyaa alishaamua: mtoto atalala katikati yetu, kama walivyolala wanawe wote, na atatandikiwa kigodoro cha sufi ili asiumie mgongo. Mume wangu akishalala haisikii hata adhana ya alfajiri. Nilikataa. Nyumba nzima ikaninunia, na siku moja nikasikia jikoni, "Huyu kasoma, anataka mtoto alale kizungu." Mwanangu sasa yuko chekechea na neno hilo bado linaniwasha.

Kizungu kipi? Mimi pia nilimtaka mwanangu karibu, kama wao. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unasema mtoto alale chumba kimoja na wazazi, angalau miezi sita ya kwanza, ila juu ya godoro lake mwenyewe, gumu na la bapa. Shingo ya kichanga haina nguvu. Uso ukizama kwenye sufi au ukifunikwa na mkono wa baba, hawezi kujinasua, anabaki akivuta hewa ile ile aliyoitoa. Na alazwe chali, usiku na mchana. Uingereza walipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, vifo vya ghafla vya usingizini vilishuka kwa zaidi ya nusu. Mavyaa alisema atapaliwa na maziwa. Hapaliwi, mtoto mzima wa afya anayameza au anayakohoa.

Haya, kitanda. Vya dukani havikufikia kimo cha kitanda chetu. Muuzaji mmoja akanishauri niweke matofali chini ya miguu. Matofali, na mwanangu juu yake! Niliondoka bila kuaga. Nikaenda kwa fundi seremala Majengo, nikamchorea kila kitu kwenye karatasi, na nikawa napita kumkagua mpaka akaanza kuniita injinia.

Wengi wanadhani magodoro mawili yawe usawa mmoja, mtoto aburutwe tu kuja kunyonya. Viwango vya Ulaya vya mwaka 2019 vinataka upande ulioshushwa, ule unaoelekea kwako, ubaki na kizingiti cha sentimita 12, mtoto asibingirike kuja kwako na wewe usimwangukie. Kwa hiyo godoro lake linakaa chini kidogo, na juu ya kizingiti ndipo panapolingana na godoro lako. Kisha mikanda ya kukifunga kwenye kitanda chako: ikazwe mpaka ukisukuma kitanda kidogo kwa goti kisitikisike. Pengo kati ya vitanda viwili lisiwepo kabisa. Usilizibe kwa leso wala taulo, vitu hivyo husogea usiku na mtoto akaingia hapo hapo.

Fito za pembeni, kati ya moja na nyingine isizidi sentimita 6. Fundi wangu aliziachanisha, anadai hewa ipite. Nikatoa kopo la soda nikalipitisha kati yake, likapenya. Akazing'oa zote mbele yangu, hakusema neno, na bei hakuongeza.

Wifi yangu naye akaleta zawadi: mito ya kuzungushia kitanda ndani, ya hariri, kaishona mwenyewe. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka kabatini. Hakunisemesha mpaka arobaini ilipopita. Lakini Marekani wamepiga marufuku kuuzwa kwa mito hiyo kwa sheria ya 2022, na mimi nimhofie wifi? Kina mama, mbona tunaona haya kwa vitu vya kuwalinda wanetu? Harusi tunaweza kugombania rangi ya sare mwezi mzima, kitanda cha mtoto tunamwachia shangazi achague. Mtoto ni amana, na atakayeulizwa ni wewe. Simama. Sema hapana, tena kwa adabu.

Ndani ya kitanda awe yeye na shuka lililobanwa vizuri. Mto hapana, blanketi hapana, na kwa joto la Mombasa hilo blanketi la nini? Fulana nyepesi inatosha. Mguse kifua au kisogo, ukikuta jasho mpunguzie. Chandarua kifunike vitanda vyote viwili, kichomekwe vizuri pande zote, kisimwangukie usoni.

Cha mtumba unaweza kununua kama skrubu zote zipo, mikanda ni ile ile yake na godoro halijabonyea. Mkanda mmoja ukikosekana, kiache.

Na siku mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au kukaa, kitanda cha ubavuni kimekwisha kazi, hata kama hajafika miezi sita. Mhamishie chenye kuta ndefu. Changu kiko darini, wala msiniulize tena kama nakiuza. Wifi ana mimba, na amekwisha kukiwekea neno.