Kwa nini wengine wamelia na wengine wamecheka

Ndugu yangu, unauliza inakuwaje filamu ileile ya nyakati za mwisho iwalize hawa na kuwachekesha wale. Waliolia wengi wamekuzwa na mahubiri ya unyakuo, yaani kwamba waumini watachukuliwa ghafla kwenda mbinguni na wengine waachwe duniani. Wakiona nguo tupu zimebaki kwenye kiti cha basi, mwenyewe hayupo, kwao hayo si maigizo tena. Wanajiona wao ndio wameachwa. Wanaocheka si lazima wawe wapagani. Wapo Wakristo chungu nzima ambao makanisa yao hayafundishi kwamba waumini watatoweka ghafla kabla ya dhiki kuu, yale mateso makali ya siku za mwisho. Fundisho hilo lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby karne ya 19, na Wakatoliki na Waorthodoksi hawalishiki.

Mimi kilichonikera ni ule muziki wa kutisha kila aya inaposomwa. Wanasoma 1 Wathesalonike 4:17, ile ya kunyakuliwa mawinguni, wanakatia hapohapo, wakati aya ya 18 Paulo anawaambia wafarijiane kwa maneno hayo. (Na watoto wadogo msiwaonyeshe usiku, jamani.)

Huyo aliyekutajia mwaka kamili wa mwisho wa dunia, mpe Mathayo 24:36 asome kwanza: siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba.