Jike mmoja na madume wawili? Kwa Julidochromis ni kawaida

Ndugu uliyeuliza kama jike wako mkubwa wa Julidochromis ana kasoro kwa kuwa anazaa na madume wawili kwenye tangi moja: hapana, na usimtenge. Hawa ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na hata huko kwao ndoa za namna hiyo zipo. Kwa aina iitwayo J. marlieri (J. ni kifupi cha Julidochromis) jike ndiye mkubwa wa umbo na ndiye mkali zaidi wa mipaka. Dume hubaki karibu na mayai.

Ninaowapenda zaidi ni aina nyingine, J. transcriptus. Jike hutaga kwenye ufa wa jiwe ulio mpana mlangoni na mwembamba ndani. Dume mkubwa hukaa penye nafasi, mdogo hujibana kule ndani ambako mwenzake hapenyi. Jike akichagua pa kubandika yai, amechagua na baba. Madume wote wawili wakiwa na mayai yao humo, wote hulinda. Ujanja mtupu!

Wewe wapangie mawe bapa yenye nyufa za upana tofauti, halafu usiyaguse tena. Ukivuruga mawe, hata waliozoeana wanaweza kugeukiana na kuuana. Ila kama mayai yanageuka meupe yote, yaani hayakurutubishwa, kila wakitaga, huenda hao "madume" nao ni majike. Angalia kitundu cha uzazi chini ya tumbo: cha dume huwa kimechongoka, cha jike ni butu na kipana.